Jiwe Lililooshwa Jumamosi

Jumamosi ya nne ya muhula, saa tatu na nusu asubuhi, jiwe la Shiro lilioshwa.

Wengine watauliza kosa liko wapi. Katika Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Apolonia, juu kidogo ya soko la Wamagana, kila kitu huoshwa Jumamosi. Huoshwa madirisha, mabenchi, ngazi na mitungi ya maua, na siku moja mkaguzi alipotarajiwa, hata kuni za jikoni zilipanguswa vumbi. Sheria ni moja, na haijaandikwa popote kwa sababu hakuna asiyeijua: kilicho cheusi ni kichafu. Sufuria ikirudi stoo na weusi kwenye kitako, bweni zima hukosa chai. Kwa hiyo Beverlyne, kiranja wa maabara, alipofungua kabati na kukuta kijiwe cheusi kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi, kimekaa ndani ya kisahani cha kioo, hakusita. Alichukua waya wa kusugulia sufuria.

Alisugua dakika mbili hivi. Weusi ukatoka. Chini yake kijiwe kikang'aa rangi ya dhahabu.

Beverlyne akapiga ukemi uliosikika mpaka kwenye zizi la ng'ombe.

Sasa ni lazima ielezwe Shiro alikuwa nani, maana msiba huu usingekuwa msiba kama jiwe lingekuwa la mtu mwingine. Shiro wa Kidato cha Tatu alikuwa na faili ofisini nene kuliko Biblia ya mchungaji. Mwaka uliotangulia alichonga muhuri wa shule kwa kipande cha kiazi cha nduma, akagonga tangazo la lugha nzito kwamba Wizara ingependa kujua uwiano wa maharagwe na mahindi katika githeri ya Alhamisi, na kwamba kila mwanafunzi ahesabu kabla ya kula. Wasichana mia sita walihesabu kwa dakika arobaini bila kunong'ona. Mwalimu wa zamu naye alihesabu. Tangu siku hiyo, Shiro akisema mvua inanyesha, watu hutoa kwanza mkono nje ya dirisha.

Na sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa na jambo la kweli.

Kijiwe alipewa na tata Njoki, dada mdogo wa mama yake, aliyekuwa akisomea udaktari wa fizikia ng'ambo na aliyekuja nyumbani Krismasi na sweta tatu na stori nyingi. Walikuwa jikoni wakimenya viazi.

"Maji yakipoa sana yanakuwa barafu," tata alisema. "Hapo baridi ndiyo imefanya kazi. Sasa ondoa joto lote. Lote kabisa, lisibaki hata la kuazima. Kitatokea nini?"

"Kila kitu kitakaa kimya," Shiro akajibu. "Kama darasani usiku, wakati wa prepu, Madam akipita."

"Ndivyo watu walivyodhani. Lakini elektroni hazikai kimya. Hata kwenye baridi ya mwisho kabisa bado zinahangaika. Hiyo ndiyo tabia ya kwanta, ya vitu vidogo kabisa, baridi haiizimi. Basi sisi tunachukua kitu kigumu, tunakibana katikati ya ncha mbili za almasi. Tunabana, tunabana, mpaka pahali elektroni zinakataa. Zinasema, hapa hatuwezi kukaa hivi tena. Zinajipanga upya, zote. Kitu kilichokuwa kinazuia umeme kinaanza kuupitisha. Bila moto, bila chochote. Kwa kubanwa tu."

Shiro alikuwa ameishi bwenini miaka miwili sasa. Hakuwahi kusikia somo la fizikia lililomhusu kwa karibu namna hiyo.

Ndipo tata akatoa mfukoni kile kijiwe, kimefungwa kwa pamba. Kilikuwa cha samariamu na salfa, kilichotengenezwa na watu wenye subira. "Hiki hakingoji baridi yote ile," alisema. "Hata hapa jikoni, ukikibana ya kutosha, kitatoka weusi kiwe rangi ya dhahabu. Si dhahabu, usiwauzie watu. Nimekiomba, na ni kimoja tu. Usikivunje. Na nawa mikono."

Muhula ulipofunguliwa, Shiro alikipeleka kwa Bwana Mutuku, mwalimu wa fizikia na msimamizi wa maonyesho ya sayansi ya kaunti, ambayo yangefanyika mjini Nyeri Alhamisi ya wiki ya tano. Bwana Mutuku alikuwa mtu wa Machakos, mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni na wasiwasi wa kalamu ya tano.

"Mradi ni lazima umsaidie mkulima," alisema. "Mwenzako wa Fomu Foo ana mashine ya kukausha kahawa. Wewe jiwe lako litamsaidia nini mkulima wa Gakindu?"

"Litamsaidia kushangaa, Mwalimu."

Bwana Mutuku alitoa kalamu mfukoni, akairudisha. Kisha akaandika jina lake kwenye fomu ya maonyesho, kwa penseli.

Shiro alipata fremu ya chuma kwa fundi wa kuchomelea sokoni Wamagana, na vipande viwili vya beringi ngumu vya kubania. Jeki alipata kutoka kwa basi la shule, kwa utaratibu ambao haukuhusisha kumwomba mtu yeyote. Kwa siku kumi alibana. Alining'inia kwenye mpini wa jeki kama nguo kwenye kamba, huku akichungulia ukingo wa jiwe kwa lenzi ya biolojia. Jiwe lilibaki jeusi. Lilikuwa jeusi Jumatatu, jeusi Jumatano, na Ijumaa jioni lilikuwa jeusi kwa madharau. Alikuwa amelirudisha kabatini akisema atajaribu tena kesho.

Kesho ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Saa nne walikuwa wote ofisini kwa Madam Nasirumbi, mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ndogo aliyetoka Bungoma miaka ishirini na sita iliyopita na aliyeamini sabuni kuliko dawa yoyote ya hospitali. Kijiwe kilikuwa mezani juu ya bahasha, kikimetameta bila aibu.

"Madam, jambo liko wazi," alisema Bwana Mutuku. "Alitafuta kitu cha rangi ya dhahabu, akakipaka rangi ya viatu. Alhamisi akikibana, rangi inapasuka, dhahabu inaonekana, watu wanapiga makofi. Halafu kuna mtu anachunguza. Halafu sisi ndio tuko kwenye gazeti."

"Mwalimu," Shiro akasema, "hiyo ni njama nzuri. Ningekuwa nimeifikiria ningeona fahari."

"Unaona, Madam? Unaona?"

Madam Nasirumbi akamgeukia kiranja. "Beverlyne. Sema ulichokiona."

Beverlyne, binti wa polisi, hakuwahi kusema uongo tangu azaliwe, na hilo lilikuwa limemgharimu rafiki yake Shiro mengi. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Shiro, si ati nakuchongea. Lakini lilikuwa jeusi, na huo weusi ulitoka. Niliona na macho yangu."

Shiro aliinamia kijiwe, akakichunguza kama asiyekijua. Tata alisema kubana. Hakusema kusugua. Kama jeki ya basi ilishindwa kwa siku kumi, waya wa sufuria uliwezaje kwa dakika mbili?

Madam Nasirumbi alikuwa ameyaona macho ya wasichana wengi yakitafuta jibu. Akachukua kalamu nyekundu, akakata jina la Shiro kwenye fomu ya maonyesho, mstari mmoja ulionyooka. Kisha akasukuma karatasi nyeupe mbele yake.

"Utaandika barua ya kukiri udanganyifu. Utaisoma Jumatatu kwenye paredi, mbele ya shule yote. Ukisoma, utakata nyasi wiki mbili na mambo yameisha. Usiposoma, beba sanduku lako, urudi na mzazi. Na maonyesho utayasikia kwa redio, mwaka huu na mwaka ujao."

"Madam, ya githeri nilikubali," Shiro alisema polepole. "Siku hiyo hata hukuniuliza mara ya pili."

"Ni kweli."

"Na ya muhuri nilikubali. Hata ile nduma nilileta."

"Ni kweli."

"Hii sikubali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikuifanya."

Nje mtu alikuwa akimwaga maji ya sabuni kwenye ngazi. Madam Nasirumbi akaelekeza kidole mlangoni. "Nenda ukapige magoti pale kwenye kokoto za murram mpaka ukumbuke vizuri."

Shiro alikwenda, akapiga magoti mbele ya mlingoti wa bendera kwa uzito wa askofu. Goti la kulia lilitua mahali pa udongo laini. La kushoto lilitua juu ya kokoto moja, ndogo kama punje ya mchele, na mara hiyo akaona nyota mchana kweupe.

Dakika kumi za kwanza alimlaani aliyeanzisha murram duniani. Dakika kumi zilizofuata alianza kufikiri. Mwili ulikuwa mmoja. Uzito ulikuwa uleule kwa magoti yote mawili. Lakini la kulia lilikuwa limekaa starehe, na la kushoto lilikuwa linalia, kwa sababu ya punje ya mchele. Uzito uleule, mahali padogo.

Akaacha kulaani.

Waya wa sufuria ni nywele za chuma. Kila unywele una ukingo mwembamba usioonekana. Mkono wa Beverlyne si jeki, lakini ukiweka nguvu ya mkono mzima wa Beverlyne, ambaye husugua kama anayedai, kwenye ukingo mwembamba namna ile, jiwe linabanwa pale padogo zaidi ya lilivyobanwa na jeki ya basi zima. Waya haukuondoa weusi. Waya ulilibana. Ngozi ya jiwe ilikuwa imekataa kukaa vile, ikajipanga upya, ikang'aa. Na jeki yake mwenyewe ilikuwa ikigawanya nguvu yake juu ya jiwe pana kama njahi, ikapotea hapo kama maneno ya hekima kwenye mkutano wa bweni.

Basi ndani jiwe bado lilikuwa jeusi. Ilibidi liwe hivyo. Waya haungefika ndani.

Njia ya kuonyesha ilikuwa moja, na Shiro alipoiona alitamani asingeiona. Lilikuwa jiwe moja tu. La kuombwa. Usikivunje, tata alisema.

Jumapili baada ya ibada alikaa kitandani na ile karatasi nyeupe. Beverlyne akaja akakaa ukingoni, macho yamevimba.

"Saini tu, Shiro. Ni karatasi. Si umewahi kusaini vitu vya uongo kuliko hii?"

"Vile vilikuwa uongo wangu," Shiro akajibu. "Huu ni wao. Mimi siwezi kuwasainia uongo wao."

"Watakutuma nyumbani."

"Wanitume nikiwa msafi. Si hapa tunapenda usafi?"

"Na kama ukweli hiyo rangi ilikuwa imepakwa? Na mtu wa dukani huko ng'ambo akamdanganya tata yako?"

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima Shiro usingizi mchana ule. Jioni kwaya ya shule ilirudi safarini ikiwa imechelewa kwa saa tatu, imejaa vumbi. Basi lilikuwa limepata pancha karibu na Gakindu, na dereva Simeon alitafuta jeki yake chini ya kila kiti, akimwita kila shetani kwa jina. Shiro alisikiliza habari hizo kwa uso wa huruma.

Jumatatu ilikuwa na ukungu. Wasichana mia sita walisimama kwa mistari, na Mlima wenye theluji haukuonekana, jambo ambalo Shiro alilichukulia kuwa busara ya Mlima. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Matangazo ya sare yakasomwa. Kisha Madam Nasirumbi akasema, "Shiro, njoo."

Alitembea mbele na karatasi yake. Ilikuwa nyeupe bado, pande zote mbili. Bwana Mutuku alisimama pembeni na bahasha ya ushahidi, iliyogongwa muhuri halisi.

"Soma," alisema Madam.

"Madam, hakuna kitu cha kusoma." Akainua karatasi ili safu za nyuma zione. Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. "Nimetafuta kosa langu tangu Jumamosi, kwa magoti, na sijalipata. Lakini naomba jiwe langu. Na nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Mwalimu anasema ni kitu cha dhahabu kilichopakwa nyeusi. Mimi nasema ni jiwe jeusi, na waya ulibana ngozi yake tu. Mmoja wetu anadanganya. Tulivunje. Ndani likiwa la dhahabu, nitabeba sanduku mwenyewe mpaka Nyeri kwa miguu, na nitaimba njiani."

"Shiro, hilo jiwe ni moja!" Beverlyne alipaza sauti kutoka kwenye mstari, akasahau kwamba viranja hawapazi sauti.

"Najua."

Mtu wa bustani alileta nyundo. Shiro aliliweka jiwe juu ya ngazi ya saruji, likiwa limefungwa kwenye leso yake. Akainua nyundo, akapiga. Mlio ulikuwa mdogo, kama kuvunja karanga.

Akafungua leso. Vipande vitatu na vumbi kidogo. Nje vilikuwa rangi ya dhahabu. Ndani vilikuwa vyeusi kama kitako cha sufuria ya kambi.

Safu ya mbele ilipiga mayowe, na safu ya nyuma ikapiga mayowe bila kujua ni kwa nini. Bwana Mutuku akainama, akanyanyuka. "Madam, hii bado haitoshi. Anaweza kuwa alipaka dhahabu juu ya kitu cheusi, halafu nyeusi juu ya dhahabu. Huyu tunamjua."

Shiro alikusanya vumbi kwa ncha ya leso. Jiwe la tata lilikuwa limekwisha vunjika, na bado haikutosha.

Lakini Madam Nasirumbi alikuwa amenyoosha mkono. Alichukua kipande kikubwa, akakigeuza upande mweusi uliotoka kuvunjika, upande ambao hakuna mkono wa mtu uliowahi kuugusa. "Waya," alisema. Waya ukaletwa mbio. Mwalimu mkuu wa Mtakatifu Apolonia akakunja mkono wa koti lake mbele ya shule nzima, akasugua.

Alisugua kama mtu aliyesugua maisha yake yote. Weusi ukaenda, dhahabu ikaja. Lakini Madam hakulitazama jiwe. Alitazama waya, mbele na nyuma. Kisha akatazama ncha za vidole vyake, moja moja.

"Bwana Mutuku," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi nimetoa uchafu wa kila aina. Masizi, rangi ya viatu, wino, lami. Hakuna weusi unaotoka usiache alama kwenye waya. Huu waya ni safi. Huu weusi haujatoka. Umegeuka." Akamtafuta kiranja kwa macho. "Beverlyne, Jumamosi waya wako ulikuwaje?"

Beverlyne akafikiri. Uso wake ukafunguka taratibu. "Ulikuwa safi, Madam. Hata nilishangaa. Sikuusuuza."

"Na ukaninyima habari hiyo."

"Madam, hukuniuliza waya."

Paredi ilivunjwa mapema. Maabara ilijaa mpaka madirishani. Shiro alichukua kipande kidogo kabisa, kama punje ya mchele, kama ile kokoto ya murram, akakiweka katikati ya zile beringi mbili. Akasukuma mpini wa jeki. Mara hii hakuning'inia. Alisukuma kwa mkono mmoja, mara tano, mara nane.

"Mwalimu, chungulia wewe," alisema, akampa Bwana Mutuku lenzi.

Bwana Mutuku alichungulia, tochi ikimulika ukingo. Shiro akasukuma mara ya tisa. Mwalimu aliinama zaidi, kalamu zote nne zikamwagika sakafuni, na hakuziokota.

"Achilia," alisema baadaye, bila kuinua kichwa.

Shiro akaachilia.

"Linarudi," alinong'ona. "Karibu lote. Linarudi jeusi." Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye umri wa miaka kumi na mbili, "Bana tena."

Alibana tena. Alibana mara sita, kwa sababu mwalimu aliomba mara sita. Mwishowe Bwana Mutuku akajinyoosha, akatafuta fomu ya maonyesho kwenye faili yake, na juu ya ule mstari mwekundu akaandika jina la Shiro upya, kwa wino.

"Mkulima wa Gakindu," alisema, akisafisha koo, "atashangaa."

Shiro alikuwa akifikiria barua atakayomwandikia tata Njoki, ambayo ingeanza na habari mbaya na kumalizia na nzuri, alipogundua kwamba Madam Nasirumbi hakuwa anatazama jiwe. Alikuwa ameinama kando ya fremu, anasoma herufi nyeupe zilizopakwa ubavuni mwa jeki. Zilikuwa namba za basi la shule.

"Shiro."

"Madam."

"Kwaya yangu ililala nusu ya jioni barabarani Gakindu."

"Nilisikia, Madam. Niliwahurumia sana."

Madam alichukua ile karatasi nyeupe, ambayo Shiro alikuwa ameiacha mezani, akaikunjua vizuri kwa kiganja mpaka ikanyooka, akaiweka mbele ya Shiro. Wasichana madirishani waliacha kupumua. Shiro aliitazama karatasi, akaitazama jeki, kisha akavuta benchi, akakaa.

"Hiyo niliichukua mimi," alisema. "Leteni kalamu."